Maabara ya Mwendo na Ustadi wa Viungo: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Likitajwa neno maabara, aghlabu hufikiriwa chupa za dawa, darubini na harufu ya spiriti. Ipo hata hivyo maabara ya namna nyengine katika vyuo vikuu kadhaa duniani, ambamo kinachochunguzwa ni mtu mzima anayetembea, anayeokota kitu, anayeandika au anayebeba ndoo. Ndani yake hamna chupa. Mna bamba sakafuni la kupimia kishindo cha mguu, kamera zilizopangwa kuizunguka kuta, saa inayoigawa sekunde moja sehemu elfu, na pengine mpira wa tenisi uliotundikwa kwa uzi. Hiyo ndiyo maabara ya mwendo na ustadi wa viungo.

Huenda mwananchi akauliza: elimu ya kutazama mtu anavyoupiga mpira kwa mkono ina faida gani? Jawabu limo katika nyumba nyingi. Mtu mzima hupatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalegea. Jamaa zake, kwa mapenzi na heshima, humlisha, humvisha na kumfunga vifungo vya kanzu asije akataabika. Miezi ikipita, ule mkono uliokuwa umeanza kutikisika hubakia umelala juu ya paja, na watu husema kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Utafiti wa maabara hizi umeonyesha kwamba sehemu ya ulemavu ule huenda haikuletwa na maradhi yenyewe, bali na kule kutotumika kwa mkono. Ili jambo hilo lifahamike, inafaa kwanza ielezwe elimu hii ilianzaje, hupima nini, na imegundua nini kuhusu namna mwili unavyojifunza kazi.

ASILI YA ELIMU HII

Mwaka 1882 mtaalamu wa Kifaransa Étienne-Jules Marey, aliyekuwa profesa wa Collège de France, alianzisha kituo cha utafiti pembezoni mwa mji wa Paris kwa msaada wa fedha za Serikali na za mji huo. Marey alimvisha mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kwenye mikono na miguu, akampitisha mbele ya ukuta mweusi, na kamera yake ikapiga picha nyingi mfululizo juu ya bamba moja. Kilichoonekana kwenye picha ni safu ya mistari myeupe inayoonyesha goti na kisigino vilikuwa wapi katika kila sehemu ndogo ya sekunde. Jambo lisiloshikika kwa macho likawa linaweza kupimwa kwa rula.

Baada ya kujua mwili unakwendaje, swali lililofuata lilikuwa unajifunzaje. Hapo hutajwa sana Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, nchini Marekani. Mwaka 1938 Franklin M. Henry, aliyesomea saikolojia, aliingia katika idara ya elimu ya viungo ya chuo hicho na kuendesha utafiti wa maabara kwa miongo kadhaa. Mwaka 1964 aliandika makala mashuhuri akitetea kwamba elimu ya viungo ni taaluma kamili ya chuo kikuu yenye maswali yake yenyewe, wala si kutayarisha walimu wa michezo peke yake.

VYOMBO VYA KUPIMIA

Vyombo vya maabara hizi ni vya aina nyingi, lakini vilivyo vikuu vinaweza kuelezwa kama ifuatavyo:

(a) Kamera na vidonge vya kung'aa. Vidonge vidogo hubandikwa kwenye viungo, kama vile bega, kiwiko, nyonga na goti. Kamera kadhaa huvifuata kwa pamoja, na kompyuta hukadiria kila kiungo kimejikunja kwa kiasi gani na kwa kasi gani. Kazi ni ile ile ya mistari myeupe ya Marey, ila sasa hufanywa kwa haraka na kwa usahihi zaidi.

(b) Bamba la kupimia nguvu. Hili hufukiwa sawasawa na sakafu. Mtu akilikanyaga, hupimwa nguvu anayoisukumia ardhi. Katika kutembea kwa kawaida, nguvu hiyo hupita uzito wa mwili kwa moja ya kumi hadi mbili ya kumi. Katika kukimbia huweza kufika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mtu.

(c) Vibandiko vya kunasa umeme wa misuli. Kila msuli unaponywea hutoa umeme mdogo sana. Vibandiko juu ya ngozi huunasa, na hivyo hujulikana ni msuli upi umeanza kazi, na upi umefuatia.

(d) Mkanda wa kutembelea na kinyago cha pumzi. Mtu hutembea juu ya mkanda unaozungushwa kwa umeme ilhali pumzi yake inapimwa. Kwa kujua amevuta oksijeni kiasi gani, hujulikana mwili umetumia nguvu kiasi gani.

(e) Saa ya kupimia wepesi. Hii hupima muda unaopita tangu mtu aliposikia mlio hadi kidole chake kilipoanza kunyanyuka.

MPANGO HUTANGULIA KITENDO

Chombo hiki cha mwisho, ijapokuwa ni sahali kuliko vyengine, ndicho kilichotoa moja ya hoja kubwa za elimu hii. Mwaka 1960 Henry na mwenzake Donald E. Rogers walichapisha matokeo ya jaribio lifuatalo. Mtu aliwekwa kidole juu ya kitufe, akangojea mlio. Katika zamu ya kwanza alitakiwa anyanyue kidole tu. Katika zamu ya pili alitakiwa anyanyue kidole kisha audake mpira wa tenisi uliotundikwa. Katika zamu ya tatu alitakiwa aupige mpira mmoja, ageuze mkono abonyeze kitufe, kisha aupige mpira mwengine.

Watafiti hawakupima muda wa kazi nzima. Walipima ule muda mfupi wa kabla ya kidole kunyanyuka. Kidole ni kile kile na mlio ni ule ule, hivyo ingetarajiwa muda uwe mmoja. Haikuwa hivyo. Kazi ilipokuwa na sehemu nyingi zaidi, kidole kilichelewa zaidi kuanza; baina ya zamu ya kwanza na ya pili tofauti ilikuwa takriban moja ya tano. Maana yake ni kwamba kabla mkono haujajongea, ubongo unaitayarisha kazi nzima kama fundi anayekata kitambaa chote kabla ya kushona.

Vibandiko vya misuli vimethibitisha jambo linalofanana na hilo. Mtu aliyesimama akitakiwa anyanyue mkono kwa ghafla, misuli ya nyuma ya paja huanza kukaza kabla ya msuli wa bega, ili mwili usiyumbe. Mwenyewe hana habari nayo. Ndivyo alivyo mama anayesuka ukili huku akizungumza na jirani yake: vidole vinajua wapi pa kupita, naye hahitaji kuvitazama. Mwanafunzi wa ukili hawezi kuzungumza, kwa kuwa mpango wake bado haujakaa. Kila unyayo wa mnaa humbidi aufikirie.

Maabara ya Berkeley ilionyesha pia kwamba ustadi wa viungo haurithiani baina ya kazi na kazi kwa kiasi kinachodhaniwa. Mtu mwepesi katika kazi moja si lazima awe mwepesi katika nyengine. Mkwezi hodari wa minazi si lazima awe mpiga makasia hodari. Anayetaka kumpima mtu kwa kazi fulani hana budi kumpima kwa kazi hiyo hiyo.

NAMNA YA KUFANYA MAZOEZI

Ikiwa mpango wa kazi hujengwa kwa mazoezi, basi ni mazoezi ya namna gani? Hapa matokeo mawili yanafaa kujulikana na kila mwenye dhamana ya kufundisha wengine, awe mkuu wa chuo cha ufundi, msimamizi wa wapiga chapa au kocha wa timu ya mtaa.

La kwanza linahusu wafanyakazi wa posta wa Uingereza waliokuwa wakifundishwa kuandika kwa mashine zenye vitufe. Watafiti Alan Baddeley na D. J. A. Longman, katika taarifa yao ya mwaka 1978, waliwagawa katika makundi manne. Kundi moja lilifanya mazoezi saa 1 tu kwa siku. Kundi jengine lilifanya saa 4, yaani vipindi viwili vya saa 2. Makundi mawili yaliyobaki yalifanya saa 2 kwa siku, moja kwa kipindi kimoja na moja kwa vipindi viwili. Waliofanya saa 1 kwa siku walivijua vitufe vyote baada ya takriban saa 35 za mazoezi. Waliofanya saa 4 kwa siku walihitaji takriban saa 50.

Kwa upande mwengine, ukihesabu kwa siku, kundi la saa 1 lilichukua wiki kadhaa ilhali kundi la saa 4 lilimaliza kwa siku zipatazo 13. Jengine lililoonekana ni kwamba waliofanya saa 1 ndio walioridhika kidogo zaidi na utaratibu wao, kwa kuwa walijiona wakichelewa nyuma ya wenzao. Kwa hiyo ridhaa ya mwanafunzi si kipimo cha kutosha cha ubora wa mafunzo. Kozi iliyobanwa katika wiki moja huonekana ina baraka, lakini saa zile zile zikigawanywa kidogo kidogo huzaa zaidi.

La pili ni la John Shea na Robyn Morgan wa Chuo Kikuu cha Colorado, mwaka 1979. Wanafunzi walifundishwa miondoko mitatu ya mkono. Kundi moja lilikariri mwondoko wa kwanza mpaka ukamalizika, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kundi la pili liliichanganya yote mitatu bila ya mpangilio. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora. Walipojaribiwa tena baada ya dakika 10, na tena baada ya siku 10, kundi lililochanganya ndilo lililokuwa limehifadhi zaidi. Sababu inayotolewa ni kwamba anayechanganya hulazimika kuutengeneza mpango upya kila mara, na taabu hiyo ndiyo inayoupigilia msumari.

MZIGO WA KICHWANI

Maabara hizi hazikushughulika na watu wa Ulaya na Marekani pekee. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake. Walipimwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba mzigo kichwani, na wanawake wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Kwa kipimo cha pumzi ilionekana kwamba walibeba mzigo unaofika asilimia 20 ya uzito wao bila ya kutumia nguvu zaidi ya mtu asiyebeba kitu. Mzigo ulipopita hapo, gharama ilianza kupanda. Mwaka 1995 utafiti mwengine uliotumia mabamba ya nguvu ulieleza siri yake: wanawake hao, wakiwa na mzigo, huutumia vizuri zaidi ule mwinuko na mshuko wa mwili katika kila hatua, mithili ya timazi inayobembea na kujirudisha.

Jambo hili halikumalizikia hapo. Mwaka 2010 watafiti waliopima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo kwa ujumla. Walikuta tofauti kubwa baina ya mtu na mtu, na malalamiko ya maumivu ya shingo. Kwa hiyo hesabu ya asilimia 20 isichukuliwe kuwa ni kanuni ya kila mbebaji. Hata kwa wale wa mwaka 1986, mama mwenye kilo 60 angefikia mpaka huo kwa kilo 12, ilhali ndoo ya lita 20 iliyojaa hupita kilo 20. Kinyago cha pumzi hupima oksijeni, hakipimi shingo.

MKONO ULIOPOOZA

Sasa inawezekana kurejea kwa mgonjwa wa kiharusi. Maradhi haya si mageni katika nchi yetu. Utafiti uliofanywa Tanzania baina ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba katika eneo lililochunguzwa Dar es Salaam walipatikana wagonjwa wapya takriban 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na katika Wilaya ya Hai takriban 109, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Shinikizo kubwa la damu ni miongoni mwa sababu zake kuu.

Edward Taub, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Birmingham, alianza na nyani ambao mishipa ya hisia ya mkono mmoja ilikuwa imekatwa. Nyani hao waliacha kabisa kuutumia mkono huo, ijapokuwa mishipa ya kuuendesha ilikuwa mizima. Mkono mzima ulipofungwa, waliutumia ule mwengine. Taub alieleza kwamba mnyama, kila alipojaribu mwanzoni, alishindwa. Kushindwa kukamfundisha kutojaribu. Na hata pale uwezo uliporudi, hakuujua. Hali hiyo aliiita kutotumia kulikofundishwa.

Fikira hiyo ilipelekwa kwa binadamu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006 uliwahusisha wagonjwa 222 katika vyuo vikuu saba vya Marekani, waliopatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla yake. Waliopewa tiba hiyo walivishwa glavu nene katika mkono mzima, kwa muda wa wiki mbili, karibu muda wote waliokuwa macho. Kila siku ya kazi walifanya mazoezi ya hadi saa 6 kwa mkono dhaifu: kushika kikombe, kugeuza karatasi, kuokota kitu kidogo. Baada ya mwaka mmoja, muda wao wa wastani wa kutimiza kazi za kipimo ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 19 hadi 9. Wenzao waliopata matunzo ya kawaida walishuka kutoka sekunde 24 hadi 18. Uchunguzi mwengine wa mwaka 2000 ulikuwa umeonyesha kwamba, baada ya tiba ya namna hii, eneo la ubongo linaloamrisha mkono dhaifu hupanuka.

Ni lazima ifahamike kwamba tiba hii si ya kila mgonjwa. Waliochaguliwa walikuwa bado wanaweza kunyanyua kifundo cha mkono na vidole japo kidogo. Aliyepooza kabisa hakuingizwa. Wala si jambo la kuharakishwa: utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 ulionyesha kwamba kumwinua na kumtembeza mgonjwa mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Wakati wa kuanza, na kiasi chake, ni wa kuamuliwa na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kutokana na maelezo haya, wananchi na watumishi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Mtu akilegea ghafla uso, mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno yakimgeuka kinywani, apelekwe hospitali mara moja, bila ya kungojea kuche. Na kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, hata kama hajisikii vibaya.

(b) Mgonjwa anapoanza kupata nafuu, familia imwulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni kazi gani mkono wake dhaifu unaweza kujaribu nyumbani. Kazi iwe ya kweli na ya kila siku, igawanywe vipande vidogo, na irudiwe mara nyingi.

(c) Asivutwe kwa mkono uliolegea wakati wa kumwinua, kwa kuwa bega lake ni jepesi kuumia. Wala mkono mzima usifungwe kwa uamuzi wa nyumbani.

(d) Akichukua robo saa kufunga vifungo vitatu, na asubiriwe. Kumsaidia kabla hajajaribu ni huruma inayomnyima zoezi.

(e) Wenye kutayarisha mafunzo ya kazi za mikono wayagawanye katika siku nyingi za vipindi vifupi, na wayachanganye, hata kama maendeleo yataonekana ya polepole mwanzoni.

Somo hili lilianza na mpira uliotundikwa kwa uzi na kidole kilichochelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kilichodhihirika ni kwamba mkono hujifunza kwa kutenda na husahau kwa kutotenda, wa mzima na wa mgonjwa. Kikombe kilichowekwa karibu na mkono dhaifu, na jamaa wakavuta subira, ni sehemu ya matibabu, na hakihitaji maabara.